Kunde Zilizolowekwa Irving

Missouri City, 29 Agosti 2017

Mpendwa mdogo wangu Jedidah,

Salamu nyingi kwa barua pepe. Hujambo? Na mama yako aliyekuja kutoka Kisii, ameshazoea kiyoyozi? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila viatu vyangu vyote vimelowa.

Maabara yetu hapa Houston imezama! Maji ya kimbunga yamepanda mpaka rafu za juu. Miaka minne ya kuchanganya mbegu mpaka nipate kunde ambazo bungua, wale wadudu watoboa mbegu, hawazigusi, na sasa zimegeuka uji. Lakini usilie. Tulipoambiwa tutoke, kila mtu na kitu kimoja, nilibeba chupa ya mbegu za mtama wako. Ni amana, ningekuja kukuambia nini? Halafu nikakumbuka kwamba na wewe una kunde zangu kwenye friji lako. Si ndiyo maana tulibadilishana akiba! Nikacheka kwa sauti ndani ya boti ya waokoaji, watu wakadhani nimechanganyikiwa.

Zitunze, mdogo wangu. Bila hizo sina tasnifu, na bila tasnifu sina udaktari.

Dada yako,
Prudensia

Irving, 30 Agosti 2017

Kwako dada Prudensia,

Maadamu u mzima, mengine yatapona. Sisi tu wazima pia. Mama anakusalimu, ingawa kwa sasa anajificha jikoni.

Keti kwanza. Jana nimetoka kazini nikazikuta kunde zako kwenye sufuria, zimelowekwa!

"Mama, hizi umetoa wapi?"

"Si zilikuwa kwa fridge? Nyinyi mnakula tu kuku kila siku. Nikasema leo mle chakula."

Nilipiga kelele hadi jirani akaja kubisha. Mbegu ikishalowa hairudi chupani, unajua: ni kupandwa au kuoza. Basi nikaibeba sufuria nzima, mbio hadi nyumba ya vioo pale chuoni, mama nyuma yangu analia na kuomba Mungu. Lakini dada, mikono yake! Amepanda vizuri kunishinda mimi mwenye shahada mbili. Zote ziko udongoni.

Usiniulize nafasi nimeipata wapi.

Mdogo wako,
Jedidah

Missouri City, 2 Septemba 2017

Jedidah,

Natumaini hamjambo. Mpe mama pole, mwambie sina kinyongo, hata mimi ningezipika.

Ila nakuuliza. Nyumba hiyo ya vioo naijua. Vyungu vyote vilikuwa na mtama wako, umebakiza wiki chache tu uvunwe. Umeupeleka wapi? Nijibu leo.

Dada yako,
Prudensia

Irving, 6 Septemba 2017

Dada yangu,

Hatujambo hata kidogo, tunarukaruka! Kunde zimechomoza! Mama anaziamkia kila asubuhi kabla hajaniamkia mimi. Nimemkataza kuchuma hata jani moja, na anasema ninamtesa, maana mboga kama ile hajaiona tangu ashuke ndege.

Mtama niliung'oa. Vyungu vingine havikuwepo, na kunde zisingesubiri. Profesa wangu amenuna, lakini atatulia. Nimepoteza msimu mmoja tu. Mbegu si unazo wewe? Ungebeba kitu kingine siku ile, leo ningekuwa nalia. Nitumie chupa barabara zikifunguka.

Mdogo wako,
Jedidah

Missouri City, 20 Aprili 2018

Mpendwa Jedidah,

Hujambo, na mtama mpya haujambo? Mama alifika Kisii salama?

Nimepita! Watahini wa tasnifu walinihoji asubuhi nzima, nikawaonyesha kunde mlizonivunia, na chupa ya bungua waliokufa njaa juu yazo. Nilitoka nje nikapiga vigelegele kwenye maegesho ya magari, peke yangu.

Makala ya kunde inatoka, na jina lako liko kando ya langu. Profesa wangu aliuliza, kwa haki yake: "Huyu ni mtu wa mtama. Kwenye kunde amefanya nini?"

Nikamwambia: "Alikuwa na shamba moja, akang'oa zao lake ili langu liote."

Akatia sahihi.

Dada yako akupendaye,
Prudensia