Zamu ya Namba 4118

Lovech, Bulgaria, 11 Februari 2008

Nevena mwanangu,

Sisi hatujambo, ila goti la mama yako linasumbua na theluji imekataa kuondoka. Huko ugenini Vigo mnaendeleaje na upepo wa bahari?

Jumamosi jirani yetu Gencho kaleta gari lake la tatu, mtumba wa Ujerumani. Kapita mtaa mzima na sahani ya chokoleti, kama inavyompasa mwenye gari jipya. Nilipochukua yangu akasema mbele ya watu, "Zapryan, miaka thelathini unakula za wenzako. Zako tutazila lini, kwenye matanga yako?" Wakacheka. Nami nikacheka, lakini iliniuma.

Historia unaijua. Mwaka 1976 gari jipya lilikuwa mishahara yangu arobaini. Tulikula maharage mpaka tukazitimiza fedha hizo, nikaziweka benki, nikapewa namba 4118 kwenye foleni ya wanaosubiri magari. Mchana nafunga milango kwenye magari mapya ya Moskvich kiwandani, jioni narudi nyumbani kwa miguu. Enzi hizo gari kuukuu liliuzwa ghali kuliko jipya, maana kuukuu unaondoka nalo leo. Mtu mmoja alitaka kununua namba yangu tu, nikamfukuza. Walipobaki mia tatu mbele yangu, serikali ikaanguka na foleni ikafa nayo. Bei zikapaa hadi mwaka 1997 fedha zangu zikatosha mikate saba. Sikutoa hata senti. Kitabu cha benki ninacho.

Sasa nauza shamba la mizabibu la bibi yako, ninunue gari jipya kabla sijazeeka.

Baba yako


Vigo, 2 Machi 2008

Baba,

Shikamoo, na mama mpe shikamoo yake na pole ya goti. Mimi mzima, mgongo tu unalalamika.

Usiuze shamba, nakuomba. Hapa kwenye kiwanda chetu cha magari wafanyakazi tunapunguziwa bei. Gari jipya dogo kwangu ni mishahara saba. Saba, baba, na foleni ni wiki sita. Nitakununulia mimi. Na huyo Gencho alete meno yake, tutamwekea chokoleti ngumu.

Mwanao


Lovech, 19 Mei 2008

Nevena,

Tu wazima. Nimechelewa kujibu kwa kuwa nilikasirika, na mama yako alinikataza kukuandikia nikiwa na hasira.

Sijafanya kazi miaka yote hiyo nije kuendesha sadaka ya mwanangu. Gencho atasema Zapryan kahongwa na binti. Mnunuzi wa shamba anakuja mwezi wa sita.

Baba yako


Vigo, 27 Mei 2008

Baba yangu,

Natumaini barua hii inakukuta umepoa.

Kuna jambo sikuwahi kukuambia, nilidhani utasikitika nimetoka chuo nikaishia huko. Nafunga milango. Ya nyuma, upande wa kushoto. Msimamizi alipouliza nimejifunzia wapi kusikia mlango usiokaa sawa, nilimwambia jikoni kwetu, baba akinifumba macho na kugonga milango ya makabati. Hapa wananiita wakishindwa. Najivunia hilo kuliko cheti changu.

Gari lako nimeshaagiza. Lilipopita kwenye mstari wetu wa kuunganishia magari niliomba niufunge mlango wake mwenyewe, na kwenye karatasi yake nikaandika 4118. Si sadaka. Foleni haikufa, ilihamia huku, na zamu yako imefika. Malipo nayataka: nipe kile kitabu cha benki. Nakipokea kwa thamani ya mwaka 1976.

Nitalileta mwenyewe likizo ya Agosti.

Mwanao fundi milango


Lovech, 24 Agosti 2008

Mwanangu Nevena,

Mama yako hajambo, goti limepata dawa ya kukaa kiti cha mbele. Shamba lipo, zabibu mwaka huu ni nyingi.

Ulipoondoka Jumapili sikutaka kuwalisha watu chokoleti kabla gari halijapata namba za usajili za Bulgaria. Zilitoka Jumatano. Mama yako akamwaga ndoo ya maji mbele ya magurudumu, desturi yetu ya kuombea safari njema, nami nikapita na sahani nyumba hamsini na mbili. Gencho alikula tatu. Kisha akauliza, "Bei gani?" Nikamjibu, "Miaka thelathini na miwili." Akataka kucheka, hakuweza. Nikamwambia afungue mlango wa nyuma kushoto, aufunge, asikilize. Akaufunga mara mbili. "Nani kaufunga huu kiwandani?" Nikasema binti yangu, kwa sauti ya kusikika hadi darajani.

Mimi mwenyewe nimeufunga mara nyingi, nimefumba macho. Katika maelfu niliyofunga maishani, sina uliokaa vile.

Ulipokuwa hapa uliniulizia kitabu cha benki, nikajifanya sijui kilipo. Nilishindwa kuachana nacho. Sasa kimo ndani ya bahasha hii, na nimetia sahihi ukurasa wa mwisho. Hesabu mwenyewe, ni mishahara arobaini kamili. Sipendi kudaiwa.

Baba yako, namba 4118