Mama Aliyekataa Kuwa Amefika Morogoro

KITUO CHA POLISI, MOROGORO
Tarehe 9 Agosti 1909, asubuhi

Shahidi: Furaha binti Stambuli
Umri: kama miaka ishirini na miwili
Kazi: mkulima, pia msusi wa mikeka
Makazi: Morogoro mjini, karibu na mto

Mimi ni mke wa Maneno bin Mosi, seremala, aliyewekwa mahabusu hapa tangu jana. Mwanamke aliyemshitaki kwamba ni mwizi wa watu ni mama yangu mzazi, Hidaya binti Abasi, wa Dar es Salaam. Yeye na mume wangu walikuwa hawajaonana. Mimi nilikuja huku na baba mkubwa, kibarua wa reli, na yeye ndiye aliyeniozesha.

Mwezi uliopita nilijifungua mtoto wa kike. Nikampelekea mama salamu kwamba apande treni aje. Mnamo tarehe 8 Agosti aliondoka Dar es Salaam asubuhi, akafika hapa siku hiyohiyo, jua bado liko juu. Mimi nilikuwa ndani ya arobaini, kwa hiyo mume wangu alikwenda stesheni kumpokea.

Mama mwenyewe amenieleza yaliyotokea. Maneno alimwamkia, "Shikamoo mama, karibu Morogoro," akachukua mzigo wake.

Mama akamwuliza, "Morogoro ipi? Mimi nimetoka kwangu leo."

"Ndiyo hii, mama. Twende, nyumbani ni hapa karibu tu."

Hapo mama akapiga kelele, na askari wakamkamata mume wangu.

Naomba bwana ombasha anayeniandikia aelewe. Marehemu baba yangu alikuwa mpagazi wa misafara. Kutoka pwani mpaka huku alitembea zaidi ya juma zima, akirudi nyumbani miguu imevimba na mama akiikanda kwa maji ya moto. Umbali wa Morogoro mama anaujua kwa miguu ile. Tena, alipokuwa mtoto, dada yake aliitwa na mtu wasiyemjua, akaambiwa waende hapa karibu tu. Hakurudi. Habari hiyo sikuwahi kuisikia mpaka leo.

Mama alihifadhiwa kwa mke wa askari mmoja. Niliposikia alfajiri ya leo, nilimfunga mtoto mgongoni nikatoka, ingawa arobaini haijaisha. Nilimkuta uani ameshika mchi, hataki mtu amkaribie. Nikasema, "Shikamoo mama." Alinitazama, akauacha mchi ukaanguka. Akanishika uso, masikio, mabega. Kisha akamtoa mtoto mgongoni kwangu, akalia.

Aliponyamaza aliniuliza, "Kumbe ni safari ya siku moja?"

"Ndiyo, mama. Tangu treni ianze kufika."

"Na kila anayekuja pwani unampa salamu aniambie huwezi kuja kwa kuwa ni mbali?"

Niliinama nikauokota mchi.

Mume wangu hakuiba mtu. Mama hana madai tena. Kumwomba radhi mkwewe uso kwa uso anaona haya, kwa hiyo amesema atampikia. Naomba aachiliwe chakula kisipoe.

Nimesema niliyoyajua na niliyoambiwa na mama. Nimesomewa, nami nimekubali ndivyo nilivyosema.

Alama ya kidole: Furaha binti Stambuli

Maandishi ya ofisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Ombasha Dominiko. Bibi Hidaya amethibitisha, na Maneno bin Mosi ameachiliwa mchana huu. Kabla ya kuondoka bibi aliuliza treni ya kurudi pwani ni lini. Nilipomwambia ni kesho, alisema aliuliza tu, hana haraka ya kurudi.