Mechi Niliyoitazama Bila Simu

Mwanangu Idrisa,

Nakuombea kila swala, hilo nadhani unalijua. Lakini dua ni maneno yangu na Mungu. Haya ni yangu na wewe, na nimeyachelewesha kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia. Ndiyo, nimekukasirikia. Mtoto gani anamtangulia mama yake bila hata kuaga? Sasa hasira imepungua kidogo, na kuna jambo limenipata Alhamisi iliyopita ambalo nikimsimulia mtu mwingine ataniambia nikapumzike.

Nimeingia ukumbi wa mpira wa kikapu. Mimi, mama yako, niliyeapa kwamba mlango wa ukumbi wa namna hiyo sitaukanyaga maisha yangu.

Tangu uanguke mwaka jana kule Dodoma kwenye nusu fainali, kuna kitu kimoja tu kinachoninyima raha. Sikukufikia. Watu wamenifariji kwa kila namna. Wananiambia, "Hata ungekuwepo usingefanya lolote, moyo wake ulikuwa na kasoro tangu tumboni, daktari ameshasema." Najua. Sikutaka kufanya lolote. Nilitaka kufika tu, nipige goti pale ulipolala. Na moyo huo wanaousema niliubeba mimi, kwa hiyo wasinifundishe habari zake.

Unaikumbuka ile rimu ya baiskeli uliyoigongomea kwenye ukuta wa ghala la Mzee Kombo, pale Muheza? Mzee wa watu alikuja mpaka mlangoni. "Mama Idrisa, mwanao ananitwangia ukuta kila alasiri. Hivi anatwanga nini?" Nikamwambia anatwanga ujana, utaisha. Alipoondoka nikakugombeza kwa sauti ili asikie. Nikasema mimi kikapu ninachokijua ni cha ukili, cha kuwekea samaki. Wewe ukanijibu, "Mama, chako kina kitako, changu hakina, ndiyo maana mimi sishibi." Na kweli hukuwa ukishiba. Ulikuwa unamaliza ugali wa watu wawili na bado unachungulia sufuria.

Nilipokuja huku Doha ukanifundisha mchezo wako kwa simu. Ulipanga vikombe juu ya kitanda cha bweni, ukaniambia kile cha bluu ni wewe. Nikakuuliza mbona wewe huna mkono, umevunjika wapi? Ukacheka mpaka Salum, mwenzako wa chumbani, akaja kuuliza kuna nini. Ukanieleza na habari ya mashindano ya kufunga msimu, ya vyuo vya kanda yenu. "Mama, ligi yote ile ni kupanga foleni. Huku ndiko kwenye mlo. Ukifungwa leo, kesho unarudi chuoni na begi lako." Nikakuambia basi msifungwe, nauli ya basi inauma.

Salum ndiye aliyeshika simu siku ile, akirusha mechi mubashara. Mimi nilikuwa chumba cha kupigia pasi, nimeiegemeza simu kwenye chupa ya maji. Nilikuona ukifuta nyayo za viatu kwa viganja, kama kawaida yako, nikasema peke yangu, "Kisha mikono hiyo hiyo ule nayo wali!" Nilikuwa nacheka. Ukakimbia kurudi upande wenu, na hakuna aliyekugusa, ukaanguka.

Simu ikamponyoka Salum. Baada ya hapo nilichoona ni paa la mabati na taa moja. Nikasikia watu, "Mpeni hewa! Mpeni hewa!" Nikapiga kelele mgeuzeni ubavu, jamani, mgeuzeni, na simu ile inaleta ya huko tu, ya huku haipeleki. Chini ya lile paa maoni ya watu yaliendelea kupanda, ya wale waliokuwa bado wanashangilia kikapu chako cha mwisho. Vipicha vya makofi na miali ya moto. Nikaandika "mwanangu". Likapanda pamoja na miali ya moto, likapotea.

Mjomba wako Rajabu akanipigia baadaye. "Dada, tukusubiri?" Nikajibu haraka, kama mtu aliyeulizwa habari ya mchele, "Msimsubirishe. Mzikeni." Maiti haicheleweshwi, na tiketi ingechukua siku. Tena hata ningekuwa nyumbani, wanawake wa kwetu hawaendi makaburini, ningebaki mkekani na wenzangu. Yote hayo nayajua. Lakini ningekuona uso kabla hawajakufunika.

Sasa ngoja nikwambie kuhusu Nura. Ni binti wa nyumba ninayofanyia kazi hapa Umm Salal, nje kidogo ya Doha, anasoma chuo kikuu, na naye anacheza kikapu. Niliwahi kukuambia ukasema mwambie anyooshe kiwiko. Ulipoondoka, mama yake, Madamu, alinipumzisha kazi siku kadhaa na Nura akauficha mpira. Halafu alasiri moja akaja mlango wa jikoni, mpira ameuweka mgongoni kama mwizi wa sukari. Tunaongea Kiarabu chetu cha jikoni, chenye Kiingereza na Kiswahili ndani yake. Akasema, "Mama Idrisa, naweza?" Mtoto wa mwenye nyumba ananiomba mimi ruhusa ya kucheza uani kwao. Nikamwambia cheza.

Tangu siku ile nyumba hii ina wachezaji wawili. Namsikia yeye alasiri, akidundisha. Na nasikia mpira ukidunda akiwa darasani, uani hakuna kitu ila shuka nilizoanika. Mwanzoni nilikuwa naenda kufungua mlango. Sikukuti. Baadaye nikaacha kufungua, nikawa naupita mlango ule polepole ili nisikukatishe. Nilikuwa naogopa, Idrisa, na nilikuwa napenda. Hata sasa nikitaka kuvitenganisha vitu hivyo viwili sijui nianzie wapi.

Wiki iliyopita timu ya chuo chao ikaingia kwenye mashindano kama yale yenu, yale ya ukifungwa unarudi na begi. Nura akaja tena mlango wa jikoni. "Nataka uje." Nikamwambia mama yako atakuwepo na shangazi zako watakuwepo. Akasema, "Na wewe uje." Nikamwambia nina nguo za kupiga pasi. Akasema basi wiki nzima atavaa nguo zilizokunjamana. Ana kichwa kigumu yule. Ningekuwa nimekutafutia mchumba wa namna ile ungenitoroka.

Nikaenda na Otieno, dereva wao, Mkenya wa Kisumu. Madamu alikuwa ametangulia na dada zake. Otieno akanitazama kwenye kioo.

"Mathe, leo umewaka! Unaenda kucheki game?"

"Naenda kumshikia mtoto begi."

"Zii, begi gani? Unaenda kushangilia. Ukiona refa anazubaa, mpigie kelele."

"Sisi kwetu hatupigi kelele, tunaomba radhi kwanza."

"Ndio maana nyinyi Watanzania hamshindi kitu!"

Nikacheka, nikajishangaa kucheka. Otieno hakujua vile mikono yangu ilivyokuwa baridi chini ya mtandio.

Mashindano ya wanawake huku, wanaume hawaingii na simu haziingii. Mlangoni kulikuwa na mlinzi, msichana wa Mombasa, anazikusanya na kuzitia kwenye mifuko. Nikaikamata yangu. Nikamuuliza, "Sasa nitatazama kwa nini?" Usinicheke. Mimi sikuwahi kuiona mechi ila humo ndani ya simu, wewe ukiwa mdogo kuliko kidole changu. Yule binti akacheka, akanigusa bega. "Kwa macho, mamangu. Ingia."

Nikakaa nyuma kabisa, juu, na akina mama wenzangu wa kazi, kila mmoja na begi la mtoto wa watu mapajani. Idrisa, hukuniambia kwamba mpira ndani ya ukumbi una kishindo kikubwa vile! Kwenye simu unalia kama mlango unaogongwa na mgeni mwenye haya. Pale niliusikia kwenye mbavu. Hukuniambia pia kwamba viatu vinalia, kwamba wachezaji wanahema mpaka unawasikia, kwamba wanasemeshana muda wote. Wewe nawe ulikuwa unasema maneno uwanjani? Ulikuwa unasema nini? Nura akafuta nyayo za viatu kwa viganja na nikajifunika uso kwa mtandio. Mama mmoja wa Kifilipino akanipa maji.

Nikatoa uso. Nilijiambia nimekuja, basi nitazame. Nikaanza hata kuuelewa, nikimtafuta kila mara yule ambaye angekuwa kikombe chako cha bluu. Walikuwa wanafukuzana kwa karibu, hawa wakifunga na wale wanafunga. Nura akaruka kuufuata mpira uliogonga ubao. Alipotua akakanyaga mguu wa mwenzake, akaenda chini chali, na kichwa kikagonga sakafu. Filimbi ikalia.

Hakuinuka.

Ukumbi mzima ukanyamaza. Nakuapia niliukumbuka ukimya ule, ijapokuwa siku yako hapakuwa na ukimya, palikuwa na kelele. Nikasubiri nione paa la mabati. Paa halikuja. Sakafu ilikuwa pale pale na mtoto juu yake, na kati yangu na yeye hapakuwa na kioo.

Sikumbuki kushuka ngazi. Nakumbuka kiatu kimoja kinanitoka. Nakumbuka mwanamke mwenye fulana ya njano ananyoosha mkono kunizuia na mimi nampita. Hadi naukanyaga mstari hata kocha wao alikuwa hajainuka vizuri kwenye kiti. Nikapiga goti, nikamshika kichwa kwa mikono miwili, nikaita, "Idrisa! Idrisa!"

Nura akafumbua macho. Akanitazama, akasema, "Naam."

Alijua ninamwita nani. Jina lako limo ndani ya jina langu katika nyumba hii, wananiita hivyo kila siku. Akaitika kwa niaba yako, Mungu amlipe, pumzi yenyewe hana.

Daktari wao akaja, akanisogeza taratibu. Pumzi ilikuwa imemkatika kwa kishindo, na kifundo cha mguu kimeteguka, kichwa salama. Refa akanionyesha niondoke kiwanjani. Nikatoka nje ya mstari, nikaketi pale pale pembeni yake kama mzigo uliosahauliwa stendi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuniinua tena. Nikaitazama mechi nikiwa pale mpaka mwisho. Walifungwa. Watoto wakalia, wakakumbatiana, wakachukua mabegi yao. Kumbe ndivyo inavyoisha. Yako mimi sikuwahi kuuona mwisho wake.

Tulirudi sote watatu kwa gari la Otieno. Nura alinyoosha mguu kwenye kiti cha nyuma, barafu juu yake, kichwa mapajani kwangu. Madamu alikaa mbele. Tulipoiacha Doha nyuma akasema bila kugeuka, "Mimi ndiye mama yake. Miguu yangu ilikataa kusimama. Yako imewezaje?"

Nikamwambia, "Yangu ilikuwa inakimbia tangu mwaka jana."

Akanyoosha mkono nyuma, akanishika goti, akaliacha. Otieno naye, mwenye maneno ya kuuza, akazima redio.

Basi ndiyo habari niliyotaka kukupa. Nilidhani nikifika, hata kwa mtoto wa mwingine, kitu kitatulia humu ndani. Kimetulia kweli. Sijilaumu tena kwa kutofika, maana nimejua kwamba mimi ni mama anayefika. Palipokuwa na njia nilifika, na kwako hapakuwa na njia, palikuwa na simu. Hilo nimelikubali, na ninakuomba nawe ulikubali kama lilikuwa linakusumbua.

Ila limekuja jingine, na hili sijui nalifanyia nini. Mikono yangu sasa inajua kichwa cha Nura. Kilikuwa kizito, cha moto, nywele zimelowa jasho, na mshipa wa shingo unapiga kwenye kidole changu. Naosha vyombo nakisikia. Nafunga mtandio nakisikia. Nikijaribu kukumbuka chako, wewe niliyekunyoa nywele za kwanza kwa mkono wangu, mikono inanipa hicho cha Nura.

Ukinijia tena, baba, usinijie kwa sauti ya mpira. Lala mapajani hapa kidogo, nikushike.

Ni mimi niliyekubeba na moyo wako,
Mama