Mkono wa Kushoto Haukupakwa Hina

Dada Zuhura, shikamoo.

Usiucheke mwandiko, naandikia gotini. Hapa Mji wa Kale nimeingia kwenye maonyesho ya picha za mapenzi na kuachwa, kuta nzima zawaka rangi, mara nikakutana na mikono yako imechorwa! Kovu la kikaango ni lile lile. Wa kulia umejaa hina, wa kushoto mtupu, kama siku ile bwana harusi alipotuma ujumbe kwamba haji tena. Kumbe mchoraji, aliyesimama pale kando, ni yule mama aliyekuwa akikupaka!

Nikamfokea: "Aibu ya dada yangu waitundika ukutani?"

Machozi yakamtoka. "Mkono ule haujanitoka moyoni. Mwambie aje niumalize, si lazima pawe na harusi."

Naibusu mikono yako yote miwili.

Mdogo wako,
Rukia