Jani la Sale Mkononi mwa Askari

Marahaba, Aika. Huku tu wazima. Bibi yako magoti yanamsumbua, ila kihambani, kwenye migomba yake, haachi kwenda.

Umeuliza kama kweli nilitaka kuiangusha sanamu ya askari pale mahakamani. Ni kweli. Vyama vingi vilikuwa vimeingia, na sisi vijana tulijiona hatuogopi mtu. Tulisema askari aliyepigania wakoloni hawezi kusimama mlangoni pa haki. Wazee wakasema huyo ni mfano wa baba zao waliokwenda vitani, wakaizunguka sanamu na fimbo zao. Kamba ilikuwa tayari shingoni mwake, na mimi ndiye niliyeishika.

Ndipo akaja Bibi Ndeshi, ambaye baba yake alichukuliwa na askari kama huyo abebe mizigo ya vita, asirudi tena. Alishika jani la sale. Unajua kwetu aliyekosa ndiye hulipeleka kuomba msamaha, na ukiletewa hukatai.

"Unamwombea nani msamaha?" mzee mmoja akafoka.

Bibi Ndeshi alilichomeka jani kwenye vidole vya askari, akasimama mbele yake.

"Nimengoja tangu utoto mtu aniletee," alisema. "Hakuja mtu. Nimelileta mwenyewe."

Kisha akalichomoa, akalipokea kwa mikono miwili kana kwamba askari ndiye aliyempa, akaenda zake.

Nililegeza kamba. Wazee nao wakashusha fimbo.

Sanamu ingali pale, na sijui kama ilistahili kubaki. Ninachojua ni kwamba tulikuwa tayari kuumizana kwa ajili ya askari wa saruji, na hakuna kati yetu, mzee wala kijana, aliyewahi kupiga hodi kwa yule bibi.

Babu yako