Nasor Amekuja, Jaji wa Rufaa

Muscat, Ijumaa, Disemba 1970

Hewa imepoa leo, hata majabali yameacha kutema joto. Ninayewaka ni mimi.

Nasor amekuja. Ni binamu yangu, tumelelewa nyumba moja Unguja na sote wawili tukasomea sheria. Nilimtangulia: nilikuwa hakimu tayari, yeye bado anahangaika na mitihani. Mapinduzi yalipotokea nilipoteza kazi na nyumba, nikaja huku. Yeye yalimkuta Nairobi, keshakuwa wakili. Leo ni jaji wa mahakama ya rufaa Nairobi, anasikiliza kesi za nchi tatu. Mimi nawatafsiria wahandisi wa kampuni ya mafuta wanapogombana na madereva.

Namwonea wivu. Nimeandika hapa ili neno hilo lisinitoke mbele za watu.

Mchana tulikula kwa shangazi yetu anayekaa Matrah. Alikaa ubavuni pa Nasor, akamtolea miba ya samaki kwa mkono wake. "Kula, Mheshimiwa." Mimi pia amenilea, lakini miba yangu niliitoa mwenyewe. Mtu mzima na watoto wangu, nikataka kulia kwa ajili ya samaki!

Baada ya Alasiri Nasor akaniomba tutembee. Akaniambia serikali mpya ya hapa imemwita asaidie kuunda mahakama. Kazi hiyo naiota tangu mtawala mpya ashike nchi.

"Nimewakatalia," akasema. "Nimewapa jina lako, nao wamekubali."

"Kwa hivyo mimi nile makombo yako?"

Hakukasirika. "Mwaka huu tumethibitisha hukumu ya kunyongwa kijana mmoja. Sheria ilikuwa wazi, nami nikatia sahihi. Baada yetu hana tena wa kumwendea. Mamake alikuwa akija mahakamani kila siku, akiniona ananiamkia kwa adabu. Mimi basi, ndugu yangu. Nnarudi Nairobi kujiuzulu, na kiti cha hukumu sikikalii tena, hapa wala kule."

Nilitaka kumwonea huruma.

Sikuweza. Nilichoona ni kwamba hata anachokitupa kinanizidi.

Nilipomhadithia mke wangu, Raya, hakunibembeleza. "Basi kataa, uendelee na madereva wako. Lakini usije ukaniambia Nasor ndiye aliyekukosesha."



Nitaikubali kazi. Sina ubavu wa kuikataa, wala sina moyo wa kumshukuru aliyenipa. Kesho asubuhi Nasor anaondoka. Nitampeleka uwanja wa ndege, nimbebee sanduku lake, na nitajitahidi, Mungu anisaidie, neno moja tu linitoke kabla hajapanda: ahsante.