Maswali Mia na Kumi na Nne kwa Karakana ya Fagio

Jumatatu, 3 Machi

Kampuni kubwa inayonunua fagio zetu imetuma fomu. Kurasa thelathini na moja. Maswali mia na kumi na nne — haki za binadamu, usalama kazini, maadili. Halafu mtu wao atakuja Jumatano ya wiki ijayo kuhakiki. Tusipopita, oda basi.

Shangazi, mwenye karakana, kasoma nusu ukurasa, akavua miwani, akanisukumia. Eti mimi ndiye niliyesoma. Nilisoma ushonaji.

Swali la nne: mko wangapi? Ukimwacha Shangazi, watatu: mimi, Mjomba, na mama jirani anayefunga nyuzi. Swali la tano: taja kamati zenu za usalama, maadili na malalamiko. Shangazi kaamuru ziundwe zote leo leo. Kwa hiyo mimi sasa ni mwenyekiti wa usalama, katibu wa maadili na mpokea malalamiko. Mjomba ni wajumbe.

Jumanne, 4 Machi

Sanduku la malalamiko liko ukutani — kopo la biskuti, tumelitoboa juu. Kufika saa nne lina karatasi mbili. Ya kwanza: Shangazi anaimba vibaya asubuhi. Ya pili: ni kweli.

Shangazi kaitisha kikao. Anataka kujua miandiko ni ya nani. Nikamweleza malalamiko ni siri, fomu ndivyo inavyosema. Akasema ni siri kwa watu wengine, kopo ni lake. Kama katibu wa maadili nikapinga. Kama mpokea malalamiko nikanyamaza, maana ile karatasi ya pili ni yangu.

Swali la thelathini na tatu: mnazuiaje migongano ya maslahi? Shangazi kanijibu bila kuinua macho. Niandike kwamba migongano tunayo, maslahi ndiyo bado.

Mtungi wa kuzimia moto hatuna. Shangazi kaenda kuuazima kwa kinyozi, mlango wa pili.

Alhamisi, 6 Machi

Kumbe kuanzia swali la tisini ni kuhusu wale wanaotuuzia sisi. Yaani na sisi tukakague! Nimekwenda kwa fundi wa mipini, kalamu sikioni, najiona mkubwa.

Mwanzo tulicheka tu. Je, unatumikisha watoto? Kasema wa kwake hata sahani hawaoshi. Je, unabagua wateja? Hapana, wote anawachelewesha sawasawa. Nilicheka mpaka kalamu ikaanguka. Akainama kuiokota, kwa mkono wa kushoto. Hapo ndipo nilipogundua wa kulia uko mfukoni tangu nimeingia.

Nikampa fomu asaini. Akasaini kwa kushoto, herufi zikalala chali. Nikamuuliza mkono una nini.

Kautoa taratibu. Kitambaa, vidole viwili. Ncha hazipo.

Nilikaa juu ya rundo la mipini bila kukaribishwa.

Alinieleza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyevunja chombo cha wenyewe. Msumeno wake una kinga, bati linalofunika meno. Ukiiacha mahali pake, unakata mpini mmoja mmoja, polepole. Mwezi uliopita Shangazi alimpigia simu: mipini mia sita, si ya wiki tena, ya siku mbili. Basi akaifungua ile kinga, akaiweka dirishani. Siku ya pili, mchana kweupe, imebaki mipini arobaini tu.

Na ile mipini ilifika kwetu kwa wakati. Mimi ndiye niliyeipokea. Nakumbuka nilimsifu.

"Usiandike, mwanangu," kaniambia. "Ukiandika watanikata kwenye kazi. Halafu hivi vidole vilivyobaki nivifanyie nini?"

Swali la mia na mbili: je, kuna aliyeumia kwa msambazaji wenu ndani ya miezi kumi na miwili? Ndiyo. Hapana. Visanduku viwili vidogo, kila kimoja kama punje. Nimeviacha vitupu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia Shangazi. Leo hata hakuimba. Mjomba kaniuliza kama kuna msiba.

Jumatatu, 10 Machi

Shangazi kaenda kwa fundi wa mipini. Karudi baada ya saa mbili na kinga ya msumeno kwapani — imepinda, anataka fundi wa kuchomelea ainyooshe. Kisha kafungua droo ya karatasi, anatupa huku, anatupa kule. Nikamuuliza anatafuta nini. Tarehe, kasema.

Jumatano, 12 Machi

Naandika nyuma ya rundo la nyuzi. Mkaguzi bado yuko uani.

Kafika saa tatu. Dada mpole, viatu safi, Mjomba kambatiza Bi Maadili. Kakagua njia ya kutokea moto ukizuka (mlango ni mmoja, tumeubandikia mishale minne). Kamuuliza Mjomba haki zake ni zipi. Mjomba kajibu chai ya saa nne, na kwamba maandazi vilevile. Wakati anausifu mtungi wa kuzimia moto, kinyozi akaingia, akaubeba, akaondoka. Eti na yeye leo anakaguliwa na mwenye nyumba. Shangazi akasema hapa tunashirikiana vizuri na majirani. Bi Maadili aliuma midomo asicheke.

Tukafika swali la mia na mbili. Nikashika kalamu, nikalisoma swali upya. Shangazi akaninyang'anya, akatia alama mwenyewe: ndiyo.

Bi Maadili akaacha kutabasamu. Akauliza chanzo. Shangazi akaweka karatasi mbili mezani, oda ileile. Ya kwanza inataka fagio tarehe ishirini Februari. Ya pili, tarehe kumi na tatu, na mhuri wa ofisi yao chini.

"Mimi nilimkimbiza yeye," Shangazi akasema. "Nyinyi mlinikimbiza mimi. Hilo swali liko ukurasa wa ngapi?"

Bi Maadili alifunua kurasa zote thelathini na moja. Kweli, zote. Mwisho akageuza fomu, akaanza kuandika nyuma, palipo peupe. Mistari minne hivi. Simu yake ikaita. Ofisini kwao. Akasikiliza, akashika paji la uso, akafunika simu kwa kiganja. Wanauliza kama tunaweza fagio mia nane kufikia Ijumaa.

Shangazi akamwambia asubiri kwanza. Akatoka kwenda uani na simu yake.

Sasa Shangazi kachukua yangu, kampigia fundi wa mipini. Kaweka sauti kubwa, kwa hiyo nasikia. Hakumsalimu hata. Kamuuliza: mipini mia nane, kinga ikiwa mahali pake — wewe mwenyewe unahitaji siku ngapi?

Simu haijakatika, namsikia fundi anahema. Shangazi anasubiri. Naona fundi hajawahi kuulizwa. Anahesabu.